Mama hataki kuhama Ngamiani, kaka keshaita dalali. Nishaurini

Bint Ngamiani
Assalaam aleykum wanajamvi, na wengine habari za jioni.

Mama yetu anaishi Tanga mjini, Ngamiani, kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba. Umri umepita sabini, ana presha na sukari, lakini akili yake timamu kutuzidi wanawe. Alasiri anakaanga bagia za kuuza, anacheza upatu na wenzake, na daftari la madeni liko kichwani. Mwezi uliopita alianguka uani usiku akienda chooni. Hakuvunjika, alhamdulillah, ila hakuweza kuinuka mpaka jirani alipoamka kuswali alfajiri.

Kaka mkubwa kaamua mama ahamie kwake Dar, ghorofa ya tatu, nyumba ipangishwe. Dalali keshakuja kupima vyumba. Mama kauliza tu, "Nani kaniuliza mie?" tangu hapo kanuna. Wadogo wako upande wa kaka kwa kuwa ndiye anayetuma hela. Mie nimeolewa Arusha, nikifungua mdomo naambiwa sichangii. Nafanyaje? Matusi bakini nayo.

Mwana Mkonge
Mpelekeni Dar. Mzee kulala peke yake ni kutafuta msiba. Mengine ni ubishi wa kike.

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Kabla hamjagombania mama akae wapi, tafuteni kwa nini alianguka. Mzee wa presha na sukari akianguka usiku huwa kuna sababu, na sababu hiyo itapanda naye basi hadi Dar.

Dawa za presha zinaweza kuishusha ghafla akisimama kutoka kitandani. Za kukojoza zikinywewa jioni zinamwamsha usiku kucha. Dawa nyingine za sukari, glibenclamide mojawapo, zinaishusha mno akilala hajashiba, na wauza bagia wengi nawajua, chakula chao wenyewe hukumbukwa mwisho. Akiamka anatetemeka, jasho linamtoka, apewe kitu cha sukari upesi. Macho nayo: mtoto wa jicho huja taratibu, mzee anazoea giza bila kulalamika.

Kusanyeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, hata mizizi ya kuchemsha, aende nazo hospitali ya Bombo. Kupita 60 ni haki yake kuulizia dirisha la wazee. Daktari ampime presha amekaa au amelala, kisha amesimama. Atakayemsindikiza aufunge mdomo kidogo. Nimeona wengi: daktari anamuuliza mama, mtoto anajibu.

Bint Ngamiani
Nesi, nimempigia sasa hivi. Kidonge cha kukojoza anakunywa baada ya isha! Anasema akinywa asubuhi kinamsumbua kwenye biashara.

Nesi Mstaafu
Mshapata pa kuanzia. Ila asihamishe saa wala kuacha kidonge mpaka daktari aseme.

Fundi Chumbageni
Hicho choo cha uani bila shaka ni cha kuchuchumaa na sakafu ya marumaru. Marumaru ikilowa ni kama sabuni. Piga saruji ya kukwaruza juu yake, weka bomba la kushikilia ukutani, mkono wa kulia na wa kushoto, na taa ya kuwaka usiku kucha kutoka mlango wa chumba hadi chooni. Ndala zilizolika zitupwe. Usiku awe na ndoo yenye mfuniko chumbani, wazee wetu walikuwa nayo na hakuna aliyeona aibu.

Mahakama ya Kijiweni
Wote mmeruka jambo moja. Nyumba ni ya marehemu. Mirathi ilifunguliwa? Kama bado, kaka hana nyumba ya kupangisha. Familia ikae, muhtasari uandikwe, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, ateuliwe msimamizi. Na msimamizi anakusanya na kugawa, hamiliki. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, nawe binti una fungu lako hata kama umeolewa Arusha. Mwambie dalali asubiri.

Shangazi Mtu
Kaka yako msimfanye adui. Anayetuma hela ndiye anayepigiwa simu saa nane usiku, na hofu imemtangulia kabla ya busara. Ila mama hajaomba kulelewa, ameuliza nani kamuuliza. Basi muulizeni! Kikao kisiwe cha WhatsApp, fungeni safari mkae kwake Tanga, awepo na ndugu yake mmoja mkubwa wa kumstahi. Aseme mwenyewe atakubali nini: mtu wa kulala naye, nani ashike hela zake akiugua, atibiwe wapi. Hayo yasemwe sasa angali na kauli. Nawe usiyetuma hela chukua kazi ya kufuatilia kliniki, hapo hawatakuambia huchangii.

Mwana Mkonge
Mteteeni tu. Akivunjika nyonga mje kuomba rambirambi humu.

Shangazi Mtu
Na ngazi za ghorofa ya tatu atashushwa na nani, wewe?

Bint Ngamiani
Mrejesho. Mirathi haijafunguliwa, na kaka hakupenda kuulizwa. Dalali kasimamishwa kwa sasa. Kikao kilifanyika, mjomba katoka Muheza. Mama kakubali mjukuu wa dada yake, anayesoma hapo mjini, ahamie kwake. Choo kitengenezwe. Simu ya kuvaa shingoni kaikataa, eti yeye si mbuzi. Dar atakwenda baada ya Idi, kwa matembezi, na tiketi ya kurudi anakata mwenyewe kabla ya kuondoka. Bombo daktari kabadilisha saa za kidonge, na kamwandikia kliniki ya macho. Kaka bado kavimba, ila hela ya saruji kaituma.

Fundi, nimeambiwa pia kuna kiti cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Ninunue cha plastiki au nichomelewe? Mama ana mwili.

Fundi Chumbageni
Chomelea. Miguu minne, chini uivalishe mpira wa tairi isiteleze. Kimo usikisie, pima kwenye kiti anachokalia akikaanga bagia.