Yicib zimekataa kuota, nimekosea wapi?

mchungaji_garissa: Wadau salaam. Mwezi jana nilinunua yicib (zile njugu za kichaka cha jangwani cha Wasomali) nusu kilo Eastleigh kwa mama mmoja, nikala nyingine nikabakisha ishirini za kupanda, nikaloweka usiku mmoja nikatia kwenye makopo na mchanga. Leo wiki ya tano hakuna hata moja imechungulia, na niliyofukua nimekuta imekuwa unga mweusi. Nataka kupanda kwa mzee wangu Garissa, mvua kule ni ya kubahatisha.

Nuru254: Pole, ila zilikuwa mbichi kweli? Za kuuza nyingi zimeshachemshwa ama kukaangwa ndo zisiliwe na wadudu. Hapo umepanda chakula bana 😂

adeer_haud: Huyo amesema kweli. Na hata ikiwa mbichi haikai, miezi michache tu nguvu imeisha. Kosa la pili ni hayo makopo, yicib inaanza kwa kushusha mzizi, juu unaona majani mawili matatu na chini ushafika mbali, ukija kuhamisha unaukata na mti umekufa. Chimba pale pale utakapokaa, uzungushie miiba, maana mbuzi wanaupenda balaa. Sisi kwetu Ogaden, kule Ethiopia mashariki, ukisugua majani mkononi yanaacha rangi nyekundu, sabuni haitoi, na mbuzi aliyeyala ukimchinja mifupa yake unaikuta na wekundu. Ua lake ni la njano, likishadondoka kitunda kinabaki kidogo hivyo hivyo kikingoja mvua, ikinyesha kinajaa haraka.

Nuru254: Na mbona hazionekani siku hizi?

adeer_haud: Zitaonekana vipi, watu wanachuma zote hakuna inayobaki chini iote, mbuzi wanamaliza majani, kiangazi kikikaza wengine wanakata kuni. Na dunia nzima kwao ni Somalia na Ogaden basi. Wazungu wameuita Cordeauxia kwa jina la mkubwa wao wa Somaliland, sisi babu zetu walikuwa wanakula tangu zamani.

mchungaji_garissa: Nimepasua mojawapo ya zile zilizobaki, imekaangwa kabisa, na mimi nilidhani ule utamu ndo wake 🤦 Adeer, ukipata mtu wa kuleta mbichi msimu ujao niambie, nauli ya basi nitalipa mimi.

adeer_haud: Sawa kijana. Tafuta miiba kwanza.