Timu ya roboti inayoanza: wawili wanafanya kila kitu, na roboti ina vigeugeu

MwalimuHesabu
Habari wakuu. Nimekabidhiwa timu ya wanafunzi wanane kwa ajili ya FIRST LEGO League, yale mashindano ya wanafunzi ya roboti za LEGO zinazofanya kazi juu ya meza. Programu najifunza pamoja nao. Asubuhi roboti inafika pale pale tunapotaka. Jioni, programu ile ile, inaishia njiani. Halafu kuna watoto wawili mafundi kweli, wameshika kila kitu, na wengine wamebaki watazamaji. Wazazi nao wanataka "kusaidia kidogo" kujenga. Nifanyeje?

Gia_Kubwa
Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Hilo la jioni ni chaji. Bila shaka mmeandika mota iende kwa sekunde kadhaa. Betri ikishuka mota inazembea, na sekunde zile zile zinazaa mwendo mfupi. Pimeni kwa mizunguko ya tairi. Tairi la kipenyo cha milimita 56 likizunguka mara moja, roboti imesogea kama sentimita 17.6. Ila usiwatajie! Wape rula na uzi walizungushie tairi wenyewe. Wewe ni wa hesabu, hapo uko kwako.

Mizunguko peke yake haitoshi, maana tairi huteleza. Roboti ikianza imepinda kwa pembe ya nyuzi 2 tu, mita moja mbele imekosea kama sentimita 3.5, na hapo kazi imeharibika. Ijengeni mgongo bapa, irudi nyuma polepole mpaka mgongo wote uguse ukuta wa meza, ndipo kihisi cha jairo (kile kinachopima roboti imegeuka kiasi gani) kianzie sifuri.

Kuhusu wale wawili: kanuni zenyewe zinakusaidia, mezani wanasimama wachache tu kwa wakati mmoja, na wanaruhusiwa kupokezana. Gawa kazi za mezani wawili wawili: mkono wa roboti wajenge wao, programu waandike wao, kuiachia roboti waiachie wao. Mafundi wako usiwaweke pamoja. Na majaji wakianza kuuliza, yule mtazamaji wako ndiye atakayebaki anaangalia dari.

Wazazi wasiguse roboti. Waketi wajifanye majaji, waulize maswali magumu. (Nawe pia, Mwalimu, mikono mfukoni. Roboti ikikosea uliza tu: mlitaka iende wapi, imeenda wapi?)

Bushi
Nampinga Gia_Kubwa kidogo. Kila jozi ikija na mkono wake, dakika mbili na nusu za raundi zitaishia kwenye kubadilisha mikono. Mkono unaohitaji kuchomeka pini nne ni hasara. Uwe wa kudondosha juu tu, ukae kwa uzito wake. Fanyeni mazoezi ya kubadilisha kwa saa ya kuhesabia, hata roboti ikiwa imezimwa. Raundi ni tatu na inahesabiwa iliyo bora, kwa hiyo ya kwanza wasiicheze kwa hofu.

MwalimuHesabu
Shukrani sana wakuu. Tumehamia mizunguko, jioni sasa inafika. Ila inavuta kushoto, hata kwenye mstari mfupi. Watoto wanataka kuongeza kasi ya mota ya kushoto.

Gia_Kubwa
Wasiguse programu kwanza. Inueni roboti, zungusheni kila tairi kwa kidole. La kushoto likiwa zito, lichomoeni mtazame ekseli, ile fimbo ya tairi: mara nyingi utakuta nywele zimejiviringisha, au bushi (kile kipete kinachoshikilia ekseli) imebanwa mno hadi inasugua fremu. Iachieni nafasi ya unene wa karatasi, kisha mjaribu tena bila kubadilisha kitu kingine.