MREJESHO: Taa ya airbag na wakala aliyegoma kutengeneza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu taa ya airbag (mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga kwenye ajali) kuwaka kwenye gari nililoagiza used kutoka Japani, wakala wa mtengenezaji hapa Dar akidai waranti imekwisha na hakuniuzia yeye.

Kilichosaidia ni kuingiza chesisi namba kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kumbe gari limo kwenye magari yaliyoitwa kurudishwa (recall), yaani mtengenezaji anarekebisha kasoro bure! Kemikali ya kujaza airbag huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko ukifumuka, kikopo cha chuma chenye kemikali hiyo kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Nikaprinti ukurasa ule, nikaambatanisha na barua, nakala Tume ya Ushindani (FCC). Meneja alivyousoma, habari ya waranti ikaisha.

Airbag ya dereva wamebadilisha bure. Ya abiria kifaa hakijafika, kwa hiyo siti ya mbele hakai mtu, familia yote nyuma.

Ila taa yenyewe ilikuwa kitu kingine kabisa: utepe wa waya ndani ya usukani umekatika. Huo wamekataa katakata, nimelipia mwenyewe.

Mliosema niangalie chesisi namba, Mungu awabariki.