Wazee wanakimbia kidole, au wanakimbia jibu?

Ndugu zangu, katika vijiwe vya kahawa vya Magomeni na Kariakoo, kila linapotajwa suala la kupima saratani ya tezi dume, mzaha wa kidole ambacho daktari hukipitisha njia ya haja kubwa kuipapasa tezi huanza kabla kahawa haijapoa, na wengi hukata shauri kwamba wazee hawaendi kupima kwa sababu ya aibu. Mimi napinga. Aibu ipo, kwani mtu wa miaka 65 kuvua suruali mbele ya daktari aliye rika la mwanawe si jambo dogo. Lakini ingekuwa ndiyo sababu kuu, kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, ambacho damu yake hutolewa mkononi tu, kingekuwa kimekwisha kuwatoa majumbani. Jakaya Kikwete naye, akiwa bado Rais, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Marekani mwezi Novemba 2014 na akalisema hadharani. Aibu ilipata pigo siku ile, gharama ya yanayofuata kipimo haikuguswa.

Wanachokwepa ni yanayofuata. PSA ikipanda si lazima iwe saratani, maana hata tezi iliyotanuka kwa umri tu, au maambukizi, huipandisha. Kwa hiyo mzee huambiwa akatwe kinyama kikapimwe, na ikithibitika ndipo huja habari za upasuaji, mionzi au dawa za kuzima homoni, tiba zinazoweza kumpunguzia nguvu za kiume au kumfanya ashindwe kuzuia mkojo. Mzee wa Temeke asiye na bima, anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani, huipiga hesabu hiyo kimyakimya, huku nyumba nzima ikidhani anaona haya.

Tena tusiwaite wajinga, kwa kuwa wataalamu wenyewe wamevutana: jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani lilishauri mwaka 2012 kwamba kipimo cha PSA kisitumike kwa wasio na dalili, kisha mwaka 2018 likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na daktari. Hata hivyo sisi hatuwezi kuuvaa ushauri huo kama ulivyo, kwani wanaume weusi wako katika hatari kubwa zaidi, na wengi wetu hufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Anayesema ni aibu tu, basi anijibu hili: mzee akipimwa damu bure katika kambi ya siku moja, akaambiwa PSA iko juu, kinyama atakilipia nani?