Swali: kutembea Malindi kwa matatu, na watoto wenye pasi za Uingereza

Mama Nuru (Brighton, sasa yuko Malindi)

Assalaam alaykum jamaa. Nawaandikia nikiwa barazani kwa mama, mtaa wa Barani, na moyo haujatulia tangu jana.

Wanaonijua wanajua Jumapili zetu za Brighton. Tunapanda basi nambari 12 la kwenda Eastbourne, tunashuka Exceat, tunatembea na watoto juu ya majabali meupe ya Seven Sisters, na jioni basi lile lile linaturudisha. Nilijiahidi kuwa mwaka huu watembee kwetu vivyo hivyo, kwa matatu na miguu.

Jana ndiyo siku ya kwanza, na tulikwama getini. Sitapataja mahali. Karani aliwatazama watoto, akaomba pasi. Zao ni za Uingereza, waliingia kwa eTA, kile kibali cha wageni cha mtandaoni. Mimi nina ID yangu ya zamani. Akasema mama raia, watoto wageni, na kila mmoja alipiwe bei ya wageni. Nikamwambia hawa nimewazaa mimi, na mimi nimezaliwa mji huu huu. Akasema yeye anaangalia pasi. Mdogo akaniuliza, "Mama, kumbe sisi ni wageni?" Sikuwa na jibu la kumpa mbele za watu. Tukarudi barabarani tukasimamisha matatu.

Naomba mnisaidie: ni karatasi gani inayokubaliwa getini kwa mtoto aliyezaliwa nje na mama Mkenya? Cheti cha kuzaliwa cha Uingereza chenye jina langu kinatosha? Na tutembee wapi hizi wiki mbili zilizobaki?

Mwana wa Muyeye (Leicester)

Pole sana dada. Watoto wako ni raia, usiyumbishwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 14: aliyezaliwa popote, iwapo siku ile mama au baba ni raia wa Kenya, ni raia wa kuzaliwa. Cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Mimi yangu ilikuwa ngumu zaidi. Nilitoka kwenye ILR, kibali cha kukaa Uingereza bila kikomo, nikachukua pasi yao nyekundu mwaka 2006, kabla ya katiba mpya, kwa hiyo uraia ulikuwa umeniponyoka. Ikabidi niombe kurejeshewa. Ofisi moja ilinipokea fomu, picha na cheti cha kuzaliwa, kisha ikaniambia faili halionekani. Nikaanza upya. Mara ya pili wakataka pasi yangu ya kwanza kabisa, ile iliyokwishakatwa kona, nami nilikuwa nimeiacha kwa marehemu baba. Miezi kumi na minne jamaa. Siku niliyopata barua nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikalia.

Shangazi wa Barani (Jeddah)

Wa alaykum salaam mwanangu. Huyo mdogo mwambie shangazi yake amesema yeye ni Mmalindi.

Nendeni Gede. Matatu yoyote ya Watamu au Mombasa, mwambie makanga akushushe Gede, mwingie kwa miguu hadi magofuni. Nendeni asubuhi kabla ya jua kupanda. Mtaona kuta za matumbawe, visima, msikiti mkuu, na kima juu ya miti. Ni mji uliojengwa na Wareno wakauacha.

Bin Amu (Toronto)

Shikamoo shangazi, lakini hapo hapana. Gede haikujengwa na Mreno. Pale pana kaburi lenye tarehe, linasoma mwaka 1399 kwa hesabu ya miladi. Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Karibu miaka mia baadaye! Ni mji wetu, wa Waswahili, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tusiwape watu wengine kazi ya wazee wetu, hasa mbele ya watoto.

Mama Nuru, ushauri wangu ni Shela. Ndia ya pwani, kilomita tatu hivi, upepo usoni. Angalia mai tu. Yakiyaa, ufuo unamezwa na mtabaki mmeegemea ukuta.

Mwana wa Muyeye (Leicester)

Shela ipi? Malindi tuna Shela yetu. Mtu yuko Barani unampeleka Shela kilomita tatu, atafika ufuo wa Silversands!

Bin Amu (Toronto)

Shela ya Amu, Lamu. Nilidhani inaeleweka.

Mwana wa Muyeye (Leicester)

Haieleweki. Ameuliza matembezi ya kwenda na kurudi siku moja. Basi la Lamu linakula siku: Garsen, Witu, vizuizi vya polisi, kisha Mokowe ushuke upande boti. Huko ni safari ya kulala.

Bin Amu (Toronto)

Basi alale. Watoto waone mji usio na magari, punda wanapita na mawe ya ujenzi mgongoni. Siku ya pili watembee hadi Matondoni wakaone majahazi yanavyoundwa, waende mapema, mchangani hakuna kivuli. Babu yangu alikuwa fundi pale. Nina miaka tisa sijafika. Huku sasa kuna theluji hadi magotini na nikifumba macho nasikia nyundo ikigonga msumari kwenye ubao.

Shangazi wa Barani (Jeddah)

Nimekubali kuhusu Gede, nilifundishwa vibaya shuleni. Marahaba.

Mwanangu, msilikose korongo la Marafa. Matatu za Marafa zinatoka mjini, ila muulize dereva gari la mwisho la kurudi, maana ukikosa utalala huko. Wenyeji wanapaita Nyari, palipovunjika penyewe. Wagiriama wanasimulia tajiri aliyeoga maziwa hadi Mungu akapadidimiza. Jua likiinama, udongo unakuwa mwekundu, wa chungwa, mweupe, tabaka juu ya tabaka. Mama yangu alinipeleka nikiwa na miaka minane. Nimekaa Jeddah miaka thelathini na hiyo rangi sijaisahau.

Mtu wa Mambrui (Rotterdam)

Sabaki mbona hamtaji? Matatu ya Mambrui, shukeni mkishavuka daraja, fuateni njia ya kijijini hadi mto unapokutana na bahari. Ndege ni wengi mno, hata heroe. Chukueni kijana wa pale awaongoze kwa sababu ya viboko. Kisha mnashika ufuo kuelekea kaskazini, mchanga mtupu na vilima vyake, hadi Mambrui. Pale kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Kisha matatu ya kurudi. Nendeni maji yakiwa yametoka, na msiende siku za bamvua bila kuuliza wavuvi.

Na niseme jambo linaloniuma. Nilipokuwa mdogo, vichochoro vya kushuka baharini vilikuwa wazi. Sasa unatembea kando ya kuta, unafika mlinzi anakuuliza unakwenda wapi. Kifungu cha 62 cha katiba kinasema ardhi kati ya maji makuu na maji madogo ni ya umma. Ni yetu! Lakini tunaifikiaje kama njia imejengewa? Huku Uholanzi nikipanda basi la baharini, hakuna anayeniuliza jina. Viongozi wetu huja kuomba kura wamesimama mchangani, kisha vichochoro vinazidi kuzibwa.

Mwana wa Muyeye (Leicester)

Umesema kweli tupu. Muyeye kile kichochoro cha wavuvi kimebaki upana wa mkokoteni.

Mama Nuru (Brighton, sasa yuko Malindi)

Tumetoka Sabaki sasa hivi, miguu imejaa mchanga. Mtu wa Mambrui, Mungu akulipe. Maji ya mto yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na watoto waliona mahali yanapoingia kwenye bluu. Kijana aliyetuongoza alimuuliza mdogo, "Wewe wa wapi?" Akajibu, "Barani." Kijana akasema, "Ah, jirani," wakaendelea kuokota kombe.

Mambrui tulifika adhuhuri. Bibi mmoja alitupa maji na mabuyu, akataka kujua mimi ni binti wa nani. Nilipomwambia, akamtaja nyanya yangu kwa jina.

Kesho kutwa Gede, inshallah, na hapo patakuwa na geti tena. Nimekwishachapisha vyeti vyao. Nauliza tena: yuko aliyewahi kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha nje akakubaliwa?

Bin Amu (Toronto)

Mimi wangu nimeanza kuwaombea pasi za Kenya kwa eCitizen, tovuti ya serikali. Nami ningependa kujua.

Shangazi wa Barani (Jeddah)

Bibi wa Mambrui alivaa buibui la kamba au la siku hizi? Kama la kamba, huenda namjua.