Sitaha inabonyea karibu na mlingoti, nianzie wapi?

Wakuu, naomba ushauri. Nimenunua mashua ya matanga ya futi 32, ya faibaglasi, iliyoundwa 1978. Injini inawaka, matanga bado yanafaa. Shida ni sitaha: nikikanyaga karibu na mlingoti inabonyea kama godoro, na nikigonga kwa mpini wa nyundo sauti ni nzito, imekufa. Nilifungua skrubu moja ikatoka na unga mweusi wa mbao uliolowa. Yaani balsa, ile mbao nyepesi iliyo katikati ya tabaka mbili za faibaglasi, imeoza.

Je, nikate faibaglasi ya juu niweke balsa mpya, au nitoboe matundu nimimine epoksi (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu)? Mimi naona kumimina ni kufungia maji humo humo, ila fundi mmoja kanibishia. Na nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti, umri siujui, nibadili zote kwa mpigo? Aliyewahi kulifanya hili anisaidie.