Benzi 240D: gurudumu la mbele kushoto linashika breki lenyewe

Ujumbe wa 1, kutoka Hannover

Wapendwa habari za jioni, wenye shughuli za maana mnisamehe, hii ni ya wale wenzangu tuliorogwa na magari ya zamani. Nina Benzi ya toleo la W123, 240D ya dizeli ya mwaka 1982, kama ile iliyokuwa ya baba mkubwa kule Tanga ila yangu nimeinunua huku huku, ina namba ya H, ile ya magari ya kale Ujerumani. Imelala toka Novemba, wiki iliyopita nimeitoa, kilomita kama kumi tu nikaanza kusikia harufu ya kuungua, kushuka naona rimu ya mbele kushoto imepata moto huwezi kuweka mkono, ile ya kulia baridi kabisa. Usukani unavuta kushoto hata sijagusa breki. Nikasema ni kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski ya breki, maana ndiyo nilikuwa nimetoka kuibadilisha mwezi wa kumi, nikaifungua tena, pistoni inateleza vizuri, pedi mpya, sioni kitu.

Nikapeleka ukaguzi nikijipa moyo, kwenye zile rola wakaniambia mbele kushoto na kulia haviko sawa, karatasi imeandikwa erhebliche Mängel, yaani kasoro kubwa, na nina mwezi mmoja wa kurudi. Gereji moja hapa mtaani wanataka kubadilisha kalipa zote mbili, diski na masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, bei yake siitaji hapa, mke wangu naye yumo kwenye kundi hili. Nifanyeje?

Ujumbe wa 2, kutoka Kassel

Kijana pole. Hiyo ni masta, usihangaike. Mimi nilikuwa na 200 ya petroli, pedali ilikuwa inazama taratibu ukiikanyaga kwenye taa nyekundu, nikabadili masta mambo yakaisha. Haya magari yana miaka zaidi ya arobaini, mipira ya ndani ya masta inakufa tu, ni umri. Badili na busta, ile inayolainisha pedali, kabisa ukiwa hapo hapo, usifungue mara mbili.

Ujumbe wa 3, kutoka Bremen

Mzee wetu wa Kassel shikamoo, lakini kwa hili naomba nipinge kidogo. Mimi kazi yangu ndiyo hii, niko kwa karakana mwaka wa saba sasa, na masta ya kaka wa Hannover sidhani ina makosa. W123 imegawanywa mbele na nyuma, mkondo mmoja unapeleka magurudumu yote mawili ya mbele, mwingine ya nyuma. Masta ikikataa kurudisha mafuta basi yangeshika yote mawili ya mbele, sio la kushoto peke yake. Na pedali inayozama polepole ni ugonjwa mwingine kabisa, hapo ndipo mzee uko sawa, hiyo ni masta inavuja ndani kwa ndani.

Kaka niambie kitu kimoja, ukikanyaga breki mara ya kwanza gari linavuta wapi? Sio ukiwa unaendesha tu, nasema ile sekunde ya kwanza ya kukanyaga.

Na kabla hujanunua hata skrubu fanya hivi. Inua mbele, weka stendi usiamini jeki, kanyaga breki mara mbili tatu uachie. Jaribu kuzungusha hilo gurudumu. Kama limeshika, fungua nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo pale kwa kalipa, robo mzunguko tu. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi kuna presha imefungiwa, kalipa haina hatia. Likikataa kuachia, hapo rudi kwa pistoni na kutu. Sasa kama limeachia, funga nipo, kanyaga tena lishike, halafu safari hii legeza ile nati ya bomba la chuma pale juu linapoungana na mpira, lile bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwa kalipa. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu zaidi, huko kwa masta. Likibaki limeshika, mpira wenyewe umeziba.

Nati ni ya milimita 11, tumia spana ya mabomba ile yenye mdomo uliokatwa, sio spana ya kawaida, utaila hiyo nati mpaka iwe duara na bomba lenyewe limekaa na chumvi ya barabarani miaka yote hiyo. Kama huna nakutumia yangu.

Ujumbe wa 4, kutoka Hannover

Dada umejuaje?? Ukikanyaga linavuta KULIA kwanza, ukiachia ndio linarudi kushoto, nilidhani nimechanganyikiwa nikaona nisiandike.

Ujumbe wa 5, kutoka Bremen

Basi ni mpira. Kushoto presha inachelewa kuingia kwa hivyo kulia kunashika kwanza, halafu ikishaingia haitoki. Nje unaonekana mzima kabisa, ndani ngozi imevimba ama imechanika ikawa kama mlango wa kufunga upande mmoja. Fanya hivyo vipimo lakini. Halafu unijibu kwa ukweli: ulipobadilisha kalipa mwezi wa kumi ulizuiaje mafuta yasimwagike?

Ujumbe wa 6, kutoka Hannover

...kwa vaisigripi, ile koleo ya kujifunga. Niliubana mpira. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya gereji Tanga na mimi nikaona nimekuwa fundi.

Ujumbe wa 7, kutoka Kassel

Hahaha kijana! Hata mimi nimebana sana hiyo mipira. Binti heshima yako. Nauliza la pembeni, jirani yangu ana 300D, pedali ngumu kama jiwe na akizima ufunguo injini inaendelea kunguruma, hayo nayo yana undugu?

Ujumbe wa 8, kutoka Bremen

Yana undugu mzee. Dizeli haina vakiumu ya kutosha kwa njia ya hewa ya injini kama petroli, kwa hivyo ina pampu yake, na vakiumu hiyo hiyo ndiyo inasaidia breki, inazima injini na inafunga milango. Aanze kutafuta panapovuja, mara nyingi ni vibomba vya mpira vimepasuka kwenye maungio. Busta aipime hivi: injini imezimwa, apampu pedali mpaka iwe ngumu, aishikilie, kisha awashe. Pedali ikishuka kidogo busta iko hai.

Ujumbe wa 9, kutoka Hannover

Ripoti. Nyumbani mwenye nyumba haruhusu kufungua gari uani na barabarani ndio kabisa, kwa hiyo nilikodi lifti kwenye Mietwerkstatt, gereji ya kukodi ujitengenezee mwenyewe, unalipa kwa saa. Nikafungua ile nipo ya kalipa, gurudumu likaachia. Raundi ya pili nikalegeza nati ya juu, gurudumu limeganda vile vile. Mpira! Dukani sema Bremsschlauch vorne, yaani mpira wa breki wa mbele, nunua miwili kushoto na kulia, yangu haikufika euro 40 yote. Ule wa zamani nimeukata kwa kisu, tundu la ndani sindano haipiti, na alama ya meno ya vaisigripi iko pale pale.

Kutoa upepo kwenye breki nilisaidiwa na mwanangu, dada alinionya nisimwache akanyage pedali mpaka chini maana kwenye masta ya zamani mipira inafika sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kufika ikachanika, tukaweka kipande cha ubao chini ya pedali. Nimejaza mafuta ya breki ya DOT 4 mapya yote, ya zamani ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Tone moja lilianguka kwenye bodi, nikalimwagia maji hapo hapo, rangi imepona. Mafuta machafu nimeyapeleka kule wanakopokea taka za sumu, msimwage chooni jamani.

Jana nimerudi ukaguzi, rola zimesoma sawa, nimebandikiwa stika. Dada spana yako naituma Jumatatu kwa posta, nimeifunga pamoja na kahawa ya Kilimanjaro.